Atieno Ninayeishi Naye

Nyamasaria, Kisumu
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, na goti lile limepunguza kelele zake. Mimi mwili ni mzima. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na nguo hazikauki, lakini nakula na usingizi napata. Huko Voi jua linawatendaje? Tangi lilipata maji? Na Mghoi, huyo uliyesema anakaa nawe tangu nilipoondoka, hajambo? Sijawahi kusikia hata sauti yake, lakini namshukuru kila siku kwa kuwa nyumba yako haikubaki tupu.

Utashangaa kupata barua wakati tuliongea juzi Ijumaa. Kwenye simu nisingeweza. Kwenye simu ukiniuliza swali najibu haraka, ili usinisikie ninavyopumua, na hivyo ndivyo jambo hili lilivyoanza. Basi nalisema hapa juu kabla sijaogopa: mama, Atieno ni paka.

Nimeandika maneno hayo nikaenda kusimama dirishani. Sasa nimerudi.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza hapa, ulipopiga simu ukauliza, "Unaishi na nani huko?" Nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya maboksi, sina hata kiti, na paka wa nyumba hii amenilalia miguuni. Mpangaji aliyenitangulia alihama akamwacha. Mama Awuor, mwenye nyumba, ndiye aliyempa jina, kwa sababu alizaliwa usiku nyuma ya jiko lake, na msichana wa Kijaluo akizaliwa usiku huitwa Atieno. Kwa hiyo nilikujibu, "Na Atieno." Nilitaka nicheke kwanza kisha nikueleze. Lakini ulishusha pumzi ukasema, "Afadhali. Mungu ni mwema. Nilikuwa silali." Baada ya hapo ningekuambia nini?

Kila ulichouliza baadaye kilikuwa na jibu la kweli. Atieno anafanya kazi gani? Kazi yake ni ya usiku, mchana analala. Ni msafi? Anajiosha kuliko mimi. Anapenda kula nini? Omena. Ukacheka ukasema Wajaluo na samaki hawatenganishwi. Miezi minane, mama, sijakuambia neno moja lisilo la kweli, na bado nimekudanganya kila Ijumaa. Kisha ukatuma pea ya leso ukasema tugawane, kipande kwangu na kipande kwa mwenzangu, kama ulivyogawana na mama mdogo mlipokuwa wasichana. Nikakujibu Atieno ameshukuru. Nilikata kipande chake pindo kwa pindo, nikakikunja, nikakiweka juu ya sanduku. *Wawili hawaogopi giza.* Nilikuwa nayasoma maneno hayo kila nikivaa viatu.

Mwezi uliopita Atieno aliacha kukojoa kwenye beseni lake. Nilikuwa nimemwekea beseni la mchanga bafuni, kwa kuwa nikienda kazini namfungia ndani. Alianza na mkeka wa mlangoni. Nikafikiri ni bahati mbaya. Akahamia kitandani, upande ninaolala. Nikafua, nikaanika, akarudia. Halafu ikawa zamu ya koti langu jeupe la maabara, nami sikujua.

Nilifika kazini nimelivaa. Unajua kazi yetu ni damu na mikojo ya watu tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo harufu si jambo geni. Bwana Wekesa, fundi mkubwa wa maabara, mzee kutoka Bungoma anayekunywa chai amesimama, alinyanyua pua akauliza, "Nani ameacha sampuli wazi?" Tukatafuta. Nilikagua kila kikopo, nikafungua friji, nikainama chini ya meza. Mahali nilipokwenda harufu ilinifuata. Mwishowe Wekesa akanitazama, akatazama koti langu, akasema taratibu, "Dada, sampuli ni wewe."

Nilicheka kama walivyocheka wengine. Kisha nikaenda kusimama kwenye stoo ya dawa hadi uso ukapoa.

Ijumaa ile nyingine ndiyo ulisema utakuja Desemba. "Nije nimshike mkono huyo Atieno," ulisema, "nimshukuru kwa kukaa na mtoto wa mwenzake." Ulipokuwa ukisema hivyo alikuwa juu ya sanduku amechuchumaa, akinitazama moja kwa moja. Alikikojolea kipande chake cha leso, mama, mpaka mwisho, kisha akashuka. Uliuliza mbona nimenyamaza. Nilisema mtandao.

Kesho yake akaenda kukojolea omena za Mama Awuor. Alikuwa amezianika juu ya neti uwanjani, za kula nyumbani kwake, na Atieno akachagua katikati kabisa.

"Nyar Mombasa," aliniita. Hapa kila mtu wa Pwani ni binti wa Mombasa. Nilishachoka kueleza Voi iko wapi. "Kuja uone kazi ya huyu mtu wako."

Nilitoka na ndoo na kitambaa.

"Omena yangu naweka chumvi mwenyewe," alisema. "Sijaomba ya Mombasa."

"Nisamehe, Mama."

"Na watu wanasema nyinyi wa huko paka zenu ni majini. Hii ni jini?"

"Ni paka tu, Mama. Na kwao ni hapa. Ni wewe ulimpa jina."

"Jina nilipea. Omena sikupea." Akaanza kuikunja neti, hanitazami. "Wewe sina shida na wewe. Uko kimya. Lakini hii paka nakupatia mpaka Jumapili ingine. Nyumba yangu ikinuka hivi, itaenda. Kuna mtu wa bohari anatafuta ya kushika panya."

Nataka uelewe jambo moja, ndipo utajua kwa nini niliingia ndani nikakaa sakafuni vilevile kama siku ya kwanza. Kazini tunaongea kazi. Kanisani naimba, ibada ikiisha wanaongea Kijaluo nami natabasamu mpaka getini. Mtu pekee ninayemwambia "nimerudi" ni Atieno. Nikimwambia, huja. Mambo ya bohari niliyawaza usiku kucha: mlango ninaoufungua, na neno hilo likianguka chini bila kuokotwa.

Jumatatu nilimwambia Wekesa kila kitu. Hakucheka. Alisema, "Unasoma mkojo wa watu mia, wa nyumbani kwako unakushinda?" Jumanne nikaleta sampuli. Nilikuwa nimetandika nailoni kitandani, na Atieno hakuniangusha. Wekesa akachukua kijiti cha kupimia, akashika kalamu kana kwamba ni mgonjwa wa kweli.

"Jina?"

"Atieno."

"Umri?"

"Mwaka na nusu."

"Mtoto huyu. Mama yake yuko?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama juu ya miwani, akachovya kijiti. Hakuna damu, hakuna sukari. Nikaangalia tone chini ya hadubini mimi mwenyewe: hakuna usaha, hakuna chembe za mawe. Wekesa akafuta mikono. "Mgonjwa si mgonjwa," akasema. "Huyu ana neno."

Nilirudi nyumbani na hayo maneno. Niliingia bafuni, nikapiga magoti, nikaingiza uso kwenye beseni kama anavyofanya yeye. Lilinuka kama kazini. Mama, mimi kila asubuhi nilikuwa nalisugua kwa klorini kali, kama tunavyosugua meza za maabara, mpaka macho yananiwasha. Alipokojoa nje, nikaongeza klorini, na pale alipokojoa nikapaka klorini, na yeye akarudi palepale. Tena mchanga wa fundi uliokuwa umemwagwa uwanjani ulikuwa umekwisha, nikamletea unga wa mbao kutoka kwa maseremala wa Kibuye, unaonuka vanishi. Mimi niliona ni usafi. Wewe ulinifundisha kwamba mtu akiishi peke yake asiposugua, uchafu utamzoea. Nimesugua kila kitu humu ndani miezi minane. Nyumba haikuwa na harufu ya mtu yeyote. Hata mimi sikuwamo.

Jumatano nilitoka kazini mapema nikaenda Dunga kutafuta mchanga. Kuna mahali wanapotengeneza mashua, na chini ya moja iliyopinduliwa palikuwa na mchanga mkavu mzuri. Wanawake wanne walikuwa wameketi karibu wakipara samaki. Nikawaomba.

"Mchanga ya nini?" mmoja akauliza. "Unajenga?"

"Hapana. Ni wa choo."

"Choo ya nani?"

"Cha Atieno."

Kisu chake kikasimama. "Atieno ni mimi," akasema, "na sijalalamika."

Wenzake walicheka hadi mmoja akashika mashua. Ilibidi nieleze yote, paka, kitanda, omena, koti, na kila nilipofika mahali wakaomba nirudie. Walinijazia gunia. Yule Atieno akafunga vichwa vya samaki kwenye karatasi. "Hii pelekea mwenye jina yangu. Mwambie aache kutuaibisha." Nikiwa kwenye boda njiani kurudi niligundua mashavu yananiuma, nikashangaa, kumbe ni kucheka.

Nililiosha beseni kwa maji matupu na sabuni kidogo ya kipande, nikalisuuza mara tatu. Nikaliondoa karibu na ndoo zinazogonganagongana, nikaliweka kwenye kona nyuma ya pazia, mbali na sahani yake. Godoro na sakafu nilivifuta kwa siki badala ya klorini. Leso nayo nikailoweka kwenye siki. Kisha nikangoja. Jumatano jioni hakukojoa popote nilipoona. Alhamisi asubuhi alilichungulia, akalizunguka, akaenda zake. Nilichelewa kazini kwa sababu ya kumtazama, na Wekesa aliponiona alisema tu, "Bado?" Nikasema bado.

Alhamisi nilipokuwa natengeneza chai ya jioni nilisikia mchanga ukikwaruzwa nyuma ya pazia. Nilizima jiko ili nisikie vizuri. Alikwaruza, akanyamaza, akakwaruza tena kwa muda mrefu, akifukia. Nilikaa kitandani nikisikiliza vile ulivyokuwa ukisikiliza matangazo ya vifo redioni, bila kusogeza hata kidole. Nililia kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Ijumaa ulipiga. Nilikuwa nimejiandaa kukuambia. Ukauliza, "Atieno hajambo?" nikasema, "Sasa hajambo," na ujasiri wangu ukaishia hapo.

Leo baada ya kanisa Mama Awuor alikuja kukagua. Hakubisha hodi. Aliingia na pua mbele, akapita kitandani, akapita bafuni, akafunua pazia. Atieno alikuwa amelala juu ya kipande chake cha leso, maana mwishowe nilikitandika chini nikaona zawadi imfikie mwenyewe.

"Mm," akasema. "Leo hii nyumba inanuka mtu."

"Abaki, Mama?"

"Atabaki. Huyo wa bohari nitamwambia atafute ingine." Akakaa kwenye kiti changu, hicho kimoja. "Unaweka chai ama unaniangalia?"

Nikaweka chai. Hakuwa amewahi kuketi kwangu tangu nihamie. Nilipomwambia hivyo akaniambia, "Tungeingiaje? Tukipita tunasikia dawa tu. Asubuhi dawa, jioni dawa. Tulisema Nyar Mombasa anatuona sisi wachafu." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi nilikuwa nadhani ni wao hawanitaki. Alikunywa, akaondoka kwenda kupika. Kikombe chake kiko hapa mezani ninapoandika. Sijakiosha.

Sasa umejua. Niko peke yangu huku, mama. Sikufa kwa hilo, ila kuna siku ambazo Jumapili mchana ni mrefu kuliko wiki. Njoo Desemba kama ulivyosema. Utalala upande wa ukutani, godoro ni safi, nimelinusa mwenyewe. Atieno hatakupa mkono ila anaweza kukulalia miguu.

Nisalimie kaka Mwakio na mkewe, na yule mtoto wao niliyemwacha anatambaa. Msalimie mama mdogo, umwambie kipande chake cha leso ya zamani nakikumbuka. Msalimie fundi cherehani wa mlango wa pili, na mke wa mchungaji aliyeniombea safari.

Na Mghoi. Nimeandika barua hii yote nikiona aibu, na nilipofika hapa nikaanza kukumbuka. Uliwahi kuniambia Mghoi ameukataa ugali lakini maganda ya ndizi anamaliza. Ukaniambia Mghoi anaogopa mvua kuliko mtoto. Mwezi jana Mghoi alivunja mlango wa jikoni, nikasema moyoni, mwanamke gani huyu mwenye hasira. Na kila nikiomba nimsalimie, yuko nje.

Mama, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Mghoi ana miguu mingapi?

Mwanao,
Wakesho