Mume Wangu Ametia Mwarobaini Kwenye Tangi la Kijiji

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Niko kijijini, wilaya ya Ikungi, mume wangu Mughwai ndiye mhudumu wa pampu yetu ya maji, na mabomba ya chuma yanaoza kwa ndani, yanatoa utelezi mweusi wenye harufu ya mayai viza, tukibadilisha yanatoboka tena, basi akaja mtaalamu mmoja akaeleza kwamba kuna vijidudu visivyoonekana vinavyokula chuma, na watafiti wanajaribu kuviua kwa mimea kama mwarobaini, mume wangu akaenda kuloweka misumari kwenye chupa mbili za maji, moja akaitia mwarobaini, misumari ya chupa hiyo ikabaki safi, akafurahi, nami nikamsifu. Kumbe! Jumapili tumetoka kanisani, mkwe wangu Ritha, ambaye ni mjamzito, akasema, "Mama, mbona maji machungu hivi?" Nikamtazama Mughwai, akainamisha kichwa. "Nimetia kidogo tu kwenye tangi, mabomba yapone." Mshauri, kikombe kilinidondoka! Tangi la kijiji kizima! Watoto wa jirani wanatapika, na watu wanasema bibi Agripina, kikongwe wa hapa kijijini, ameyaloga maji. Mume wangu ananiambia ninyamaze, yatapita. Nikisema, watampiga. Nifanyeje?
Mama Stanley

Mama Stanley, pole. Barua yako sikuiacha isubiri gazeti, nilikupigia palepale, na wasomaji wajue niliyokuambia.

Mumeo si muuaji, ila amesikia nusu ya habari akakimbia nayo. Dawa iliyookoa msumari ndiyo wanywe watoto? Nani alipima? Mwarobaini ukizidi unaweza kudhuru mtoto mchanga, hata mimba. Na wewe mama, unamwonea huruma mumeo huku bibi wa watu anasingiziwa uchawi? Hapo nilikufokea, na sijutii.

Nashukuru ulinisikia. Mughwai amekwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, bomba limefungwa, watoto wametibiwa zahanati na wanacheza.

Bado hamjamaliza. Narudia niliyokuambia: Ritha aende kliniki leo, hata kama hajisikii vibaya, na aseme alichokunywa. Tangi limwagwe lote, lisuguliwe, na mtu asikinge ndoo mpaka mafundi wa maji wapime. Jaribio lake awaachie wataalamu, walifanyie kwenye bomba ambalo hakuna anayekunywa maji yake.

Kisha Mughwai aende kwa Agripina mchana kweupe, mbele ya wale waliomsema, aseme kwa sauti: "Shikamoo mama. Ni mimi niliyetia."