Émérance, video yako bado inazunguka

Wewe unayesoma hapa, usipitishe macho haraka kama mtu anayekwepa msiba wa jirani. Dada yetu unamjua. Umemwona kwenye simu yako: mama mnene kidogo, kilemba cha kijani, amesimama juu ya kiti bafuni, anacheka. Ulicheka naye, ukaituma ile video kwa watu watano. Halafu mwaka jana ukaona tangazo letu, tulipoandika kwamba amefariki ghafla, na hukuuliza ghafla maana yake nini. Uliandika "pole sana", ukaendelea na mambo yako. Na sisi tulishukuru kwamba hukuuliza. Leo tunakulaumu kwa hilo, na sisi wenyewe tunajilaumu kwanza.

Sasa tunazungumza naye. Wewe kaa, usikilize.

Dada Émérance, mwaka umezunguka. Ulituacha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ile Ulaya nzima inaporudisha saa nyuma. Majani yamerundikana tena mbele ya mlango wa nyumba yenu pale Saint-Gilles, Bruxelles, yamelowa, yanateleza, na hakuna anayeyafagia kama ulivyokuwa ukiyafagia wewe kabla ya kwenda kazini. Watu wameanza kuwasha moto majumbani. Sisi tumeanza kukosa usingizi.

Tuanze na mema yako.

Miaka kumi na tisa uliwaogesha wazee wa watu, ukawavalisha, ukawakata kucha, nyumba kwa nyumba, kwa basi na kwa miguu. Kila mzee ulimwita papa au maman, hata wale ambao hawakutaka kujifunza jina lako. Kulikuwa na yule bibi wa miaka tisini aliyekataa kula mpaka wewe uonje kwanza. Ulitusimulia mezani, machozi ya kicheko yanakutoka: "Anawaza nataka kumuua. Bon, donc mi nakula supu yangu, nakula na yake. Njo maana nanenepa!" Alipokufa, watoto wake walikupa kijiko chake. Kiko kwa Élodie, binti yako.

Uliipenda hii miezi ya majani kuanguka, ambayo sisi wengine tunailalamikia. Kila Jumapili ukitoka misa ya asubuhi ulifungua simu na kuwaamkia watu wa "Avenue Yetu", kikundi chenu cha wale mliokua barabara moja kule Kadutu, Bukavu, kabla vita havijawatupa kila mmoja upande wake. Carine yuko Lille. Tonton Polycarpe hakuhama, yuko Bukavu bado, anauza misumari na rangi. Wengine wako Kampala, Montréal, Oslo. Hamkuwa mnatumiana habari kubwa. Mlitumiana vitu vidogo. Carine alituma picha ya boga lake kabla ya supu na baada ya supu. Wewe ulituma sauti ya miguu yako ikikanyaga majani makavu.

"Polycarpe, sikia! Iko kama muntu anakula biscuit!"

Naye akarudisha sauti ya mvua juu ya mabati ya duka lake. "Na weye sikia hii. Hii njo mvua. Ile yenu ya Bruxelles ni jasho."

Mwaka mmoja ulikausha majani mekundu ndani ya magazeti ya wazee wako, ukayatia kwenye bahasha, ukampa msafiri ayafikishe. Polycarpe alipiga simu siku hiyohiyo: "Émérance, benzako banatumaka viatu. Weye unanituma takataka?" Lakini aliyabandika ukutani nyuma ya kaunta, na wateja wakawa wanamuuliza ni dawa ya nini.

Haya. Tumefika pale ambapo mwaka mzima tumekuwa tukigeuza maneno.

Katikati ya Oktoba baridi iliingia bafuni mwako kupitia tundu la ukutani, karibu na dari. Ulichukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye mshono wa Krismasi, ukaegemeza simu kwenye sinki, ukapanda kiti. Tunayajua maneno yako yote kwa kichwa, kwa sababu tumeyasikia mara mia:

"Banamama, munaona haka katundu? Ni huku baridi inapitaka. Alors, munakamata kitambaa, munakunja vile, munasukuma humo na kijiti. Kwisha! Chauffage, moto ya nyumba, hamutalipa tena!"

Ukashuka ukicheza. Ukaituma Avenue Yetu, wao wakaituma kwao, na baada ya wiki moja watu wa parokia walikuwa wanakuita Maman Katundu. Ulifurahi. Ulituambia: "Miaka yote hii hapa, sijawahi kufundisha muntu kitu. Sasa nafundisha Ulaya mzima."

Dada, lile tundu halikutobolewa kwa makosa. Lilikuwa pua ya ile chauffe-eau, ule mtambo wa gesi uliokupashia maji ya kuoga. Moto wake unahitaji hewa. Ukiukosesha hewa, na bomba la moshi nalo likiwa chafu, unatoa sumu isiyo na harufu, isiyo na rangi, isiyopiga kelele. Inaingia mwilini kama usingizi. Wewe ulijua kupima presha, ulijua kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, lakini hili hakuna aliyekuambia. Chini ya tundu palikuwa na maandishi, kwa Kifaransa na Kiholanzi, yanayokataza kuziba. Mwenye nyumba aliyapaka rangi nyeupe ili bafu lionekane jipya. Tulikwangua rangi hiyo kwa kisu wiki moja baada ya kukuzika, tukayasoma.

Na hatujasahau barua zako tatu kwake. Ya tarehe nne Machi, ya tarehe kumi na saba Juni, ya tarehe mbili Oktoba. Nakala tunazo, mwandiko ni wako. Uliomba bomba lisafishwe na fundi aje kuukagua mtambo. Alikujibu mara moja tu, kwenye ngazi, funguo za gari mkononi, nasi tulikuwepo: "Madame, maji ya moto si yanatoka? Basi inafanya kazi." Mtambo mpya aliufunga wiki tatu baada ya mazishi, kabla hajaweka mpangaji mwingine. Kumbe iliwezekana.

Alhamisi uliandika kwenye kikundi: "Kichwa inaniuma tangu jana, na magoti haina nguvu." Carine akakujibu kwa upendo, kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu: "Ma chère, ni grippe hiyo, mafua tu. Funga madirisha yote, kunywa tangawizi, na uoge maji ya moto kabisa, usiharakishe kutoka mu maji." Ulimtii. Ulioga Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ukitoka nje kwenda kazini kichwa kinatulia, ukirudi nyumbani kinaanza tena, nawe ukatania kwamba mwili wako unachukia kupumzika.

Carine tulimweleza kwa simu jioni ile ya mazishi. Aliweka simu chini. Tukasikia kiti kinaburutwa, kisha akarudi: "Nimeitoa yangu, ile kitambaa. Nilikuwa nayo, sawa na yake." Kabla ya kuandika haya tulimuuliza kama tufiche jina. Akasema: "Andikeni. Andikeni na jina yangu, batu bajue."

Jumapili ile ulioga kabla ya misa. Saa tatu Polycarpe aliketi dukani na simu yake, akingoja sauti yako. Haikuja. Hakuogopa. Alikumbuka kwamba siku hiyo huku wanarudisha saa nyuma, akajiambia: "Kwao ni saa mbili bado, iko ndani ya misa." Akangoja saa nzima. Carine naye aliona kimya, akawaza umelala kwa sababu ya grippe. Kampala, Oslo, kila mmoja aliona. Kila mmoja alidhani mwingine ameshauliza. Hatujui kama kuuliza kungekuokoa. Hatutajua kamwe, na ndilo linalotuamsha.

Élodie alifika saa sita mchana kutoka Laeken, amebeba sahani ya sombe, yaani kisamvu. Alifungua mlango wa bafu akakuona. Akapiga magoti akushike, na magoti hayakuinuka tena. Zuberi wa ghorofa ya chini, yule mtu wa Tanga uliyekuwa ukimpelekea maandazi, alisikia sahani ikivunjika. Alipanda mbio, akawakuta nyinyi wawili chini karibu na mtambo, akamshika Élodie mabegani: "Toka! Toka nje kwanza, dada, hii ni gesi!" Élodie akawa anampiga ngumi, "Niache, ni maman yangu!" Alimburuta mpaka kwenye ngazi, akarudi kuvunja kioo cha dirisha. Zuberi, familia haijakushukuru hadharani. Pokea shukrani zetu leo.

Kwenye matanga watu walisema Mungu amekuita. Tuliitikia amina. Lakini tusimsingizie Mungu, dada. Mungu hakupaka rangi yale maandishi. Mungu hakukataa kumlipa fundi. Na Mungu hakutuziba midomo sisi ndugu zako tulipoandika "ghafla". Tulifanya hivyo kwa aibu. Tuliogopa watu watasema: yule Maman Katundu, kumbe ameuawa na akili yake mwenyewe. Tulitaka ubaki yule wa kilemba cha kijani anayecheka. Basi tukaulinda uso wako, tukaiacha video itembee.

Sasa sikia kilichotokea wiki mbili zilizopita.

Élodie alikuwa Saint-Josse, duka la vyakula vya kwetu, anangoja kulipia samaki. Mbele yake mwanamke kijana, mtoto mchanga mgongoni amefungwa kwa kitenge cha manjano, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Alikuwa anamwonyesha muuzaji simu. Élodie akasikia sauti yako. Hakuona kwanza, alisikia. "Banamama, munaona haka katundu?"

"Huyu maman ana akili sana," yule mwanamke akasema. "Dada yangu alinituma hii video jana. Mutoto alikuwa anakohoa juu ya baridi."

Élodie akasema: "Huyu ni maman yangu."

"Ah bon? Una bahati! Iko wapi?"

Muuzaji akataja bei, yule mwanamke akatoa pesa.

"Basi umuambie aksanti. Mi naye nimeziba yangu leo asubuhi."

Na binti yako, dada, binti uliyemlea kusema ukweli hata unapouma, alijibu: "Nitamuambia." Akalipa, akatoka. Alifika kituo cha basi ndipo akaelewa alichofanya. Alikimbia kurudi. Mwanamke hayupo. Muuzaji hamjui, amemwona mara moja tu. Tangu siku hiyo Élodie anasimama mbele ya duka lile kila jioni akitoka kazini. Mimi Noé, mdogo wako, nimepita parokia zote nilizoweza, nimebandika karatasi kwenye saluni, nimezungumza kwenye misa mbili mpaka padri akaniomba nipunguze sauti. Sikupunguza. Siku kumi na nne zimepita na hatujampata, na kila asubuhi baridi inazidi. Mtoto yule hawezi kusema kichwa kinamuuma.

Dada Émérance, ulikuwa ukinikemea: "Noé, hasira yako itakula nani?" Leo tumeamua ituletee watu wasome. Utusamehe kwa kulitaja bafu lako hadharani. Tungependa kumaliza na maua na sala. Tutavifanya, Jumapili hii, misa ya saa nne, na majani makavu tutakuletea kaburini kwa mikono yetu.

Tunaokukumbuka: Élodie, binti yako; Noé, mdogo wako; mama yetu mzee kule Bukavu, ambaye leo ndipo anasikia ukweli, na tunamwomba radhi; Carine, Polycarpe na Avenue Yetu yote; Zuberi, jirani. Hakuna siku itakayotukuta tumekuacha nyuma, dada yetu.

Na wewe msomaji, tumemaliza naye, tunarudi kwako. Ukimaliza aya hii, weka chini simu, au hilo gazeti. Nenda bafuni, nenda jikoni, popote penye moto wa gesi, angalia juu na chini. Ukikuta kitambaa, gazeti, plastiki, chochote ndani ya tundu, vuta. Fungua dirisha hata kama kuna baridi. Kama kichwa kinakuuma ndani na kinatulia nje, toka na watoto wako wote, ukiwa nje piga 112, nambari ya dharura. Kisha mfute Émérance kwenye simu yako na uwaambie wale watano uliowatumia kwa nini. Kama unamjua mama kijana mwenye kovu juu ya nyusi ya kushoto na mtoto mchanga, usimwandikie ujumbe. Ujumbe unaweza kusomwa kesho. Vaa viatu, nenda ukagonge mlango wake sasa hivi, na usiondoke mpaka afungue.