Kwa Mama Torbjørg, Aliyemtafuta Guri wa Lidal

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, ukatuachia makasha kumi na moja ya karatasi na swali moja: Guri kazikwa wapi?

Ninayeandika ni mimi, bintiyo Ingunn. Mdogo wangu Halvard kasema dada mkubwa ndiye mwenye maneno, na Baba kasema swali hilo lilishamchosha kitambo.

Bonde zima lilikujua kwa mikate yako ya viazi na kwa miaka thelathini ya ukunga. Uliamshwa usiku wa theluji ukaenda, na hukuwahi kumnunia mtu. Lakini hukuweza kupita makaburini bila kusimamisha gari. Tulikua tukikusubiri ndani ya gari hilo, miguu ikituganda, wewe ukisugua majina kwenye mawe ya watu tusiowajua. "Dakika mbili tu," ulisema. Ilikuwa saa nzima.

Baba alikutania mezani: "Torbjørg, mimi nipo hai humu ndani. Au mpaka nife ndipo na mimi nitafutwe?"

"Wewe najua ulipo," ulimjibu. "Uko kwenye kiti."

Guri ndiye aliyemzaa bibi yako. Hukutaka makubwa, ulitaka jina lake liandikwe kwenye jiwe, asipotee kama hakuwahi kuishi. Mama yako alikuachia kitabu cha Guri cha nyimbo za kanisa, kimeandikwa ndani: Guri wa Lidal. Ukamtafuta Guri wa Lidal miaka arobaini, parokia hadi parokia. Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba zamani mtu alibeba jina la shamba alilokaa, akihama na jina linahama. Yule binamu wa Marekani alipoandika kuulizia ukoo wa Lidal, ulimcheka siku nzima. "Lidal si ukoo, ni shamba," ulisema.

Mwezi wa tatu wa kupekua makasha yako nilikuwa nimechoka, Mama, nasema wazi. Nilitaka nimalize kasha la mwisho nitupe yote. Nikaliacha jina la shamba, nikatafuta kwenye vitabu vya vifo vya kanisa Guri yeyote wa umri ule. Akatokea: Guri binti Ola, amefariki 1889, miaka sabini na mmoja. Shamba: Tveit. Pembeni mchungaji kaongeza: maskini wa zamu. Na mwisho kabisa wa mstari: mzaliwa wa Lidal, mama wa Anne. Anne, bibi yako.

Maskini wa zamu unawajua kuliko mimi. Asiye na kwake alizungushwa shamba hadi shamba, alishwe siku sita hapa, siku sita pale. Zamu ya Tveit ilipofika Guri akafia huko, basi akaandikwa wa Tveit.

Kisha nikafungua daftari lako la mwaka wa pili wa kumtafuta. Ukurasa ule ulishaufikia. Umeandika kwa penseli: "Guri wa Tveit, wa zamu. Si wetu."

Nililia, halafu nikakasirika. Halafu nikamkumbuka Bibi, mama yako, alivyozoea kusema kwamba watu wetu hawajawahi kula kwa jirani. Ulimwamini. Nadhani uliliona lile neno la pembeni ukafunga kitabu, hukusoma mstari mpaka mwisho.

Nilimwendea mzee Asbjørn, mtunza makaburi. "Wa zamu waliwekwa kaskazini, karibu na ukuta," alisema. "Hata kijiti hawakuwekewa. Ukiniuliza yupi ni yupi, mwanangu, utanichosha bure."

Basi kaburi halipo. Nikapendekeza tumwandike kwenye jiwe lako. Halvard akagoma.

"Mama mwenyewe kaandika si wetu. Leo tumwekee mtu aliyemkataa?"

"Hakumkataa. Hakumjua."

"Haya, tumwandike wa wapi? Wa Lidal au wa Tveit?"

"Tveit alikaa siku sita tu, Halvard."

"Na Lidal aliondoka msichana."

Tulibishana hivyo wiki mbili, mpaka Baba, ambaye habari za Guri zilishamchosha, akasema: "Andikeni Guri, basi. Kahamishwa vya kutosha."

Fundi alimaliza Jumamosi. Chini ya jina lako pameandikwa Guri binti Ola, bila shamba. Halvard alisimama pale kofia mkononi. Makasha tumeyapeleka darini. Ni mara ya kwanza tunakukosoa, Mama, na tumekukosoa kwenye jiwe lako mwenyewe. Utusamehe.

Mnakumbukwa na Sigmund, mume, Ingunn na Halvard, watoto, Randi, mkwe, na Eirik na Solveig, wajukuu.

Daima tutawakumbuka, nyote wawili.