Kikombe cha Maji Kilichobaki Kimejaa

Mpendwa baba mkwe,

Nakuandikia kwa Kiswahili kile cha soko la mpakani, ulichonichekesha nacho tangu nilipoolewa hapa Bwera kutoka Beni. Ulikuwa ukiongea nami umegeukia ukuta, maana mtu na mkwe wake hawatazamani, lakini utani wako ulinifikia jikoni. "Mama Biira, hii bundu yako iko inapigana na meno," ulisema, na huo ugali wa muhogo ukaumaliza wote.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka, na miguu ikawa haitaki kubanduka chini. Hospitalini Kasese tukapewa jina la ugonjwa, Parkinson, na muuguzi akauliza jambo lililotushangaza: mzee anapata choo? Mume wangu akatazama viatu vyake. Kumbe ulikuwa ukimaliza siku tano bila choo, na taabu hiyo ilikuanza miaka mingi kabla ya kutetemeka. Muuguzi akatueleza kwamba ugonjwa huu hulegeza hata matumbo, na tumbo likifunga, dawa nayo huchelewa kufanya kazi. Akasisitiza mapapai, mboga na maji, hasa maji.

Basi kila asubuhi nikakuwekea kikombe cha bati mlangoni pako. Mchana nakikuta kimejaa. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia mume wangu kwamba baba yake ni mkaidi na mimi namaliza kuni bure kumchemshia maji.

Nilichelewa kuelewa. Njia ya chooni ilipita mbele ya jiko langu. Ulipita hatua moja moja, umeshikilia suruali kwa mkono unaotetemeka, huku mimi nakimbilia ndani kukupa mgongo. Kila kikombe kilikuwa safari nyingine ya aibu mbele ya mke wa mwanao, ukaona afadhali kiu. Nikatundika kitenge mlangoni pa jiko. Kesho yake kikombe kilikuwa kitupu, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Halafu ikaja ile siku ya soko. Mume wangu alikuwa amepeleka kahawa mpakani. Nikakusikia chooni: ulikuwa umechuchumaa na kuinuka kumekushinda. "Mama Biira," uliita. Nikaja mpaka kwenye mlango wa mabati, nikakuambia nakwenda kutafuta mwanamume. Nilipiga hodi nyumba tatu, wote wako sokoni. Nikarudi nikasimama palepale, wewe ndani, mimi nje, mpaka mume wangu alipofika jua limeshapinda. Majirani walinisifu kwa adabu yangu.

Tangu siku hiyo kitenge hakikusaidia kitu. Nilikuomba unywe, mume wangu akakuomba, ukasema huna kiu. Tulipokurudisha hospitalini tumbo lilikuwa limevimba na kukaza, utumbo umejisokota. Hukurudi nyumbani.

Watu wananiambia ni ugonjwa tu. Huenda. Lakini mimi nilikuwa na mikono yenye nguvu na mlango haukuwa na komeo. Na kuna jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Nilipokuwa nimesimama pale uliita mara ya pili, polepole, ukiniomba nije, na hukusema Mama Biira. Ulisema, "Mutoto yangu, kuya."

Baba, mtoto angeingia.

Pumzika. Unisamehe ukiweza.

Mkwe wako,
Mama Biira