Masufuria ya Msiba na Kipengele cha Pili

Shikamoo Shangazi Agnetha,

Naomba unisaidie maana mwenyewe nimeshindwa, kichwa kinanizunguka mpaka juzi nilitia chumvi kwenye chai ya mume wangu, naye akainywa yote bila kusema neno, ndipo nikajua hata yeye ananionea huruma. Naitwa Elieth, nina miaka thelathini na nane, ni mkulima na mfuga nyuki katika kijiji kimoja cha Uyui, si mbali na Isikizya, na ni katibu wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Ukatibu nilipewa kwa sababu nina mwandiko mzuri, na sasa naona heri ningekuwa sijui kuandika kabisa.

Kikundi chetu kilianza hivi. Miaka tisa iliyopita mama yangu mzazi alifariki, watu wakajaa nyumbani, na kijiji kizima hakikuwa na sufuria hata moja ya kupikia umati ule, basi jirani yangu Zuena, ambaye yeye ni Mwislamu na sisi ni Wamoravian lakini ni kama tumetoka tumbo moja, akaenda kwa miguu mpaka Isikizya kuazima sufuria kubwa, akarudi nayo kichwani kwenye jua la Septemba, akapika na kupakua siku zote za msiba, na matanga yalipokwisha akina mama wakasema aibu hii isijirudie, tukachanga mahindi, tukayauza, tukapata masufuria manne makubwa, turubai na majamvi. Asali ilikuja baadaye sana, tulipoona kurina pamoja ni rahisi kuliko kila mtu kivyake.

Sasa mwaka jana likaja shirika moja la mambo ya nyuki, watu wazuri, siwasemi vibaya, wakataka kufanya kazi na sisi, watupe mizinga, mavazi ya kurinia na mafunzo, ila kwanza tuwekeane mkataba wa majaribio wa miezi sita, tukifaulu ndipo tusaini ule mrefu wa miaka mitatu. Mkataba wenyewe walikuja nao umeshapigwa chapa, isipokuwa Kipengele cha Pili, kinaitwa Dhamira na Malengo ya Kikundi, hicho kilikuwa kitupu. Afisa wao Wilbroad, kijana mpole, akaniachia karatasi akasema, "Dada katibu, andikeni tu ninyi ni akina nani na mnataka nini."

Andikeni tu! Nikaitisha kikao. Mwenyekiti wetu Mama Veneranda akasema dhamira yetu ni asali. Mwingine akasema ni kuzikana. Julieth, ambaye huyo hana haya, akasema dhamira yake ni kutoka nyumbani kila Alhamisi mchana apate kupumua, watu wakacheka mpaka kikao kikavunjika, nikabaki na karatasi nyeupe na Wilbroad anakuja keshokutwa.

Hapa ndipo ilipo dhambi yangu, Shangazi, na hapa kijijini hakuna anayeijua ila Mungu, na sasa wewe. Nina binamu yangu Samweli kule Urambo, kikundi chao ni cha vijana, wana katiba nzuri ina muhuri, nikampigia simu, akaupiga picha ukurasa wa malengo akanitumia, nami nikanakili neno kwa neno. Maneno yalikuwa mazito mno, "kuinua uchumi kupitia mnyororo wa thamani wa mazao ya nyuki," na "mali zote za kikundi zitatumika kwa malengo yaliyotajwa hapa na si vinginevyo." Kilichobadilika ni jina la kikundi tu. Nilipowasomea akina mama walipiga makofi, na Zuena akanikumbatia akasema, "Mdogo wangu, kumbe sisi ni watu wakubwa hivi!" Hakuna aliyeuliza kuzikana kumekwenda wapi, nami sikusema. Tukasaini, wengine kwa dole gumba.

Tulianza kuumbuka na lengo la nne. Kwa haraka zangu sikuona kwamba lilikuwa linahusu vijana na useremala. Wilbroad akaja siku moja akauliza karakana yetu iko wapi, na Mama Veneranda kwa kuogopa aibu akasema, "Tuko mbioni." Basi mwezi uliofuata tukaletewa randa mbili, msumeno na patasi. Sisi wanawake watu wazima ishirini na wawili hatuna hata mmoja anayejua randa inashikwa wapi. Tukacheka, tukaziweka stoo.

Yaliyofuata hayachekeshi. Masufuria yale tuliyaandika kwenye mkataba kama mali ya kikundi, tukawa tunachemshia masega tupate nta, na kwa kuwa mali ni ya malengo yaliyotajwa na si vinginevyo, tukaacha kuyatoa. Ufunguo wa stoo ninao mimi. Mwezi uliopita mume wa Zuena, Mzee Sabiri, akafariki alfajiri, maziko ni siku ile ile baada ya alasiri, na saa mbili asubuhi akafika kwangu Amne, mke wa mtoto wao mkubwa, na baiskeli. "Shikamoo mama. Mama amenituma masufuria na turubai."

Shangazi, yule hakuja kuomba, alikuja kuchukua kilicho chao. Na mimi, sijui shetani gani alinipanda, nikampigia Mama Veneranda, naye akasema tumuulize afisa kwanza, simu ya afisa haipatikani, Mama Veneranda akasema, "Mkataba umesema si vinginevyo, Elieth. Tukivunja huu, ule mrefu tutausikia kwa wenzetu." Nikamwambia Amne asubiri. Akasubiri amesimama, ameshika baiskeli yake, mpaka saa nne, halafu akaondoka bila kuaga.

Nilipofika msibani nilikuta wanasonga ugali kwenye visufuria vya nyumbani, kimoja baada ya kingine, wageni waliotoka Choma na Urambo wamekaa juani, na wanaume walikwenda kuzika na njaa. Nikaingia ndani kumpa pole Zuena. Akaniangalia akasema, "Karibu, katibu." Miaka yote ananiita mdogo wangu.

Wilbroad alipopatikana jioni alishangaa. Akasema, "Dada, mngetoa tu. Hilo neno sikuliandika mimi, mmeliandika ninyi."

Jumatano ijayo tunasaini mkataba wa miaka mitatu na Kipengele cha Pili kimeachwa vile vile. Mama Veneranda anasema tusikiguse, shirika litatuona hatujui tunachotaka, na kweli akina mama wengi wanaitegemea hii mizinga. Akina mama saba wamesema hawasaini, wanamlaumu Mama Veneranda na shirika kwamba ndio waliotunga yale maneno nami niliyaandika tu, na mimi nipo hapo hapo nimenyamaza kama simo. Nikiandika kuzikana, ni mfadhili gani anafadhili msiba? Nikiandika asali peke yake nitakuwa mwongo. Nikisema nilinakili nitaonekana mwizi. Hivi dhamira ya kikundi ni nini hasa, ni kile tunachokifanya, au ni kilichotuleta pamoja, au ni kile kitakachompendeza anayesoma? Nisaini au nisisaini? Nijibu kabla ya Jumatano, Shangazi, tumechoka kunywa chumvi.

Ni mimi Elieth,
Uyui


SHANGAZI AGNETHA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole. Na huyo mume wako mpe pole yangu pia, mwanaume anayekunywa chai ya chumvi kimyakimya si wa kuchezea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka zile randa mpaka nikakohoa. Mara ya pili nilikasirika, na hasira hiyo nakupa sasa hivi ili tuimalize. Elieth! Mtu amefiwa, mtu aliyebeba sufuria kichwani kwa ajili ya mama yako, nawe umemsimamisha mkwewe mlangoni saa mbili nzima unatafuta simu ya afisa? Ufunguo ulikuwa nao. Karatasi haikukushika mkono. Siku ile ulikuwa na hiari ya kufungua mlango, na mengine mkayajibu kesho yake. Usimsingizie shetani, hakuhudhuria kikao chenu hata kimoja.

Basi, nimemaliza kukugombeza. Sasa sikiliza niliyoyaona mara ya tatu.

Kunakili si wizi mkubwa, nusu ya vikundi vya mkoa huu vina katiba za kuazimana, mimi nilikuwa karani wa ofisi miaka kumi na minane na nimeona kikundi cha wafuga kuku kikiapa kulinda samaki. Lakini nguo ya kuazima haisitiri, mwisho wake unaujua, hili ni gazeti la familia. Kipengele cha malengo mnakiona ni pambo la kumpendezesha mgeni. Sivyo. Ndicho kinachosema mali yenu ni ya kazi gani, na siku mkigombana ndicho kitakachosomwa. Ukiandika "si vinginevyo," ujue umejifungia nje ya stoo yako mwenyewe, na wewe umefanya hivyo.

Unaniuliza dhamira ni nini hasa. Mwanangu, umeshaniandikia. Rudia barua yako pale unaposema akina mama walisema aibu hii isijirudie. Kwa hayo hukumpigia simu Samweli. Hiyo ndiyo dhamira, imekaa miaka tisa inakusubiri uiandike. Asali ni kazi mnayoifanya. Kuzikana ndiko kulikowafanya mkaaminiana mpaka mkaweza kurina pamoja, na shirika lenye akili linataka kikundi kinachoaminiana. Hata Julieth na Alhamisi yake mtafutieni sentensi, anastahili.

Unachanganya vitu viwili, ndiyo maana kichwa kinakuzunguka. Dhamira ya kikundi ni yenu, ilikuwepo kabla ya shirika na itabaki shirika likiondoka. Malengo ya mradi ni yale mnayokubaliana kufanya na shirika kwa miaka hiyo mitatu. Mkataba unaweza kubeba yote mawili, kila kimoja mahali pake. Kwenye dhamira andika kwa Kiswahili cha kwenu kwamba ninyi ni akina mama mliokutana kusaidiana katika misiba na maisha, na mnafuga nyuki kwa pamoja. Kwenye malengo ya mradi andika asali na nta, basi. Masufuria manne, turubai na majamvi yatajwe kwa jina kwamba ni mali ya kikundi tangu kabla ya mradi na hayamo kwenye mradi. Wilbroad akitaka vyombo vya kuchemshia nta, basi awaletee. Lile "si vinginevyo" likae kwenye vifaa vyake yeye. Na randa zake mrudishieni, kuna seremala mahali analilia randa.

Mpigie Wilbroad leo, usingoje Jumatano. Alikwambia tangu mwanzo muandike ninyi ni akina nani, kwa hiyo hana sababu ya kukasirika mkimwambia. Mwambie mnahitaji wiki moja zaidi. Akikataa kabisa, mwacheni aende na mizinga yake, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini sidhani kama atakataa.

Kisha itisha kikao, na kabla hujafungua kitabu simama useme: maneno yale niliyanakili mimi, Mama Veneranda hakuyatunga wala shirika. Utaona haya, ndiyo. Utaona haya nusu saa. Ukinyamaza, mama wa watu ataendelea kutukanwa kwa kosa lako, na huo sasa ndio wizi wenyewe. Rasimu mpya isomwe kwa Kinyamwezi, sentensi moja moja, na anayepiga makofi muulize ameelewa nini. Asiyeelewa asiweke dole gumba.

Usisaini chochote kabla ya hayo.

Ila kuna kitu kimoja cha kufanya kabla ya simu na kabla ya kikao. Nenda kwa Zuena. Yuko eda, humkosi nyumbani. Usiende na Mama Veneranda, usiende na mkataba, wala usianze kumweleza habari za vipengele. Mwambie, "Dada, nilikuwa na ufunguo na sikukufungulia." Halafu nyamaza, mwache aseme atakalo, hata kama atakuita katibu mara mia.

Ukiondoka, ufunguo wa stoo uache kwake.