Skopu Isiyopiga

Mpendwa mshauri,

Leo Jumatatu asubuhi Nuradin, mwenye duka la vyombo kuukuu Machakos mjini, ameniambia kwa simu kwamba skopu ataniwekea mpaka Ijumaa na si zaidi, kwa sababu kuna mwalimu wa chuo anayeiulizia, na ndiyo maana naandika kwa haraka nikikuomba unisaidie, maana nyumbani kwetu kila mtu ameshaamua na kila mtu ameamua lake, na mimi ninayetakiwa kuitumia ndiye peke yangu sijui.

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme hapa soko la Muthetheni, natengeneza redio, chaja, amplifaya za makanisa, na siku hizi zaidi inveta za sola, zile zinazogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwa kuwa kila boma limeweka sola. Mita yangu hunipa namba tu, lakini umeme ndani ya inveta hubadilika upesi kuliko mita inavyoweza kufuata. Osiloskopu, ambayo sisi mafundi twaiita skopu, huuchora umeme huo kwenye kioo ukaona umbo lake na mahali unapoharibika. Bila skopu nabadilisha vipuri kwa kubahatisha, na kuna inveta za aina moja ambazo huwaka, hujaribu kidogo, kisha huzima kabla sijaona chochote, na hizo huwa nazirudisha kwa wenyewe jinsi zilivyokuja.

Nafanya kazi na mdogo wangu Mwangangi, na mwezi uliopita alipigwa na stima, alikuwa ameshika bodi ya chaja kubwa kwa mkono wa kushoto na bega la kulia ameliegemeza kwenye mabati ya kibanda, nikasikia ameacha kuongea katikati ya neno, nikageuka nikaona macho yamesimama, nikang'oa plagi. Stima yetu tunaivuta kwa jirani mwenye mashine ya kusaga unga, kwa waya wa nyuzi mbili unaopita juu ya paa, kwa hiyo namshukuru Mungu plagi ilikuwa karibu. Yu hai, lakini ule mkono unatetemeka na hawezi kushika skrubu ndogo, na anataka kurudi kazini, na mama amekataa.

Mama yetu ni Mukai, mkulima. Siku kadhaa baadaye akatuita. "Nitauza mtamba," akasema. "Lakini mnunue ile mashine isiyopiga. Sitazika mtoto kwa sababu ya redio ya mtu mwingine."

"Mwaitu, mtamba ana mimba," nikamwambia, kwa kuwa ndivyo sisi tunavyomwita mama.

"Najua ana nini. Mimi ndiye nilimpeleka kwa dume."

Basi tukaenda kwa Nuradin mimi na Mwangangi. Skopu yake ni kubwa, ya kioo cha zamani kirefu kwa nyuma, ina matundu manne ya kupimia, na bei yake inakaribia ya mtamba mwenyewe. "Dada fundi, beba uone uzito," akaniambia. "Hii ni ya Ulaya. Ilikuwa na ubaya mmoja tu, ukipima nayo chaja, inakata stima ya duka zima, mpaka kinyozi wa hapo kando akanijia na mteja amenyolewa nusu. Nikaita fundi akatoa ule mguu wa tatu wa plagi, ule wa ethi. Toka siku hiyo haikati stima, haipigi mtu."

"Haipigi kabisa?" nikamwuliza, nikimfikiria mama.

"Walahi haipigi. Mimi mwenyewe nimeishika."

Mwangangi akamwuliza, "Uliishika ikiwa imewashwa?"

"Niliishika," akajibu Nuradin.

Upande wa pili kuna skopu mpya za dijitali zinazouzwa Nairobi, ndogo, nyepesi, za matundu mawili, na ya bei ya chini kabisa naweza kuinunua kwa akiba yangu bila kugusa mtamba. Lakini Mwangangi anasema wateja watanicheka, "watasema umenunua tableti ya mtoto wa shule," na wauzaji wenyewe wananitajia megahezi hizi na zile mpaka nachanganyikiwa. Hashi, nduguye Nuradin anayenunua mifugo, ameshakubali kumchukua mtamba Ijumaa asubuhi kabla ya swala. Nikikataa, mama ataona nimedharau ng'ombe wake na uchungu wake. Nikikubali na mashine isiwe yenyewe, tumepoteza maziwa na Mwangangi anarudi kwenye meza ileile. Nifanye nini?

Winfred, Muthetheni

*

Winfred,

Usinunue skopu ya Nuradin, na mtamba asitoke zizini Ijumaa.

Pole kwa yaliyompata mdogo wako. Nilimpigia Nuradin simu jana, na hakukana lolote. "Nilidhani nimemsaidia mteja," alisema. "Kitu kinakata stima, si kimeharibika?" Halafu nilimpigia Jeremiah Musau, ambaye amefundisha mafundi wa umeme kwa muda mrefu, na majibu yafuatayo ameyapitia kabla hayajachapishwa.

Skopu ile haikuwa na ubaya wowote. Ganda lake la chuma na ile klipu ndogo ya waya wa kupimia vimeunganishwa na ethi, yaani na ardhi, kupitia mguu wa tatu wa plagi. Ukibana klipu hiyo upande wa chaja unaobeba stima ya ukutani, stima hukimbilia ethi na swichi kuu hukatika. Kinyozi alikasirika, lakini hakuna aliyeumia. Sasa mguu umeng'olewa. Stima haikatiki kwa sababu haina njia ya kwenda, inabaki kwenye chuma cha skopu mpaka atokee mtu mwenye mkono mmoja kwenye chuma hicho na bega kwenye mabati. Mtu huyo unamjua.

Mama yako aliomba mashine isiyopiga. Nuradin ana mashine isiyokata stima, na kwa bahati mbaya ameiita kwa jina lilelile. Wewe ni fundi. Neno "ethi" lilipotajwa ulipaswa kusimama hapohapo, badala ya kuuliza mara ya pili kama haipigi.

Tuje kwenye kuchagua. Jibu liko katika barua yako. Inveta inayowaka na kuzima mara moja haitaonekana kwenye skopu ya zamani, kwa sababu ile huchora na kusahau hapohapo. Ya dijitali hukamata mchoro huo mmoja na kuushikilia kwenye kioo mpaka umalize kuutazama. Kwa kazi yako hilo lina maana zaidi kuliko uzito, kuliko Ulaya na kuliko matundu manne.

Megahezi, yaani kasi ya umeme ambayo skopu inaweza kuifuata, zisikuumize kichwa. Kwa inveta, chaja na amplifaya, skopu ya megahezi hamsini inakutosha na kubaki. Anayekuuzia zaidi ya hapo anakuuzia barabara ya njia nne ya kwendea shambani. Matundu mawili, hata hivyo, usiyapunguze. Jeremiah anaeleza hivi: ukitaka kupima upande wa stima ya ukutani, tumia waya mbili za kupimia, zote zikiwa kwenye alama ya kupunguza volti mara kumi, gusa kwa ncha zake mbili, klipu zote mbili zisiguse kitu, kisha iambie skopu itoe kipimo cha waya mmoja kwenye kile cha mwingine. Ndiyo sababu ya kuyataka mawili. Hakikisha pia waya zenyewe zimeandikwa kwamba zinahimili volti hizo.

Usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi. Pale mbele kuna kijipini cha kujaribia. Bana waya wa kupimia hapo, utaona mchoro wa mraba. Pembe zikiwa za mviringo, kuna skrubu ndogo kwenye waya wa kupimia ya kuzinyoosha. Muuzaji asiyejua skrubu hiyo iko wapi aitafute ukimtazama. Rudia kwa tundu la pili.

Kuhusu kuchekwa, Mwangangi amekosea. Mteja akiletewa inveta yake inayofanya kazi hatauliza ulitazama kwenye kioo cha ukubwa gani.

Limebaki lililo zito, na uliliandika kama jambo la kupita. Ulisema stima ya kibanda inakuja kwa waya wa nyuzi mbili. Ethi inahitaji uzi wa tatu. Soketi zenu zina matundu matatu, na lile la juu nyuma yake hamna kitu. Alichofanya fundi wa Nuradin kwa plagi moja, kibanda chenu kimefanyiwa chote tangu mlipoingia. Ukiichomeka hapo skopu mpya yenye miguu yote mitatu, itakuwa sawa na ile iliyokatwa. Wala hakuna swichi ya kukata stima inapovuja kupitia mtu. Mkono wako ndio uliokuwa swichi, na siku hiyo ulikuwa karibu.

Kwa hiyo akiba yako ianze hapo. Kwanza uzi wa tatu, fimbo ya shaba ardhini na swichi inayokata stima ikivuja. Kisha transfoma ya kutenganisha chombo na stima ya ukutani, na chombo unachotengeneza kitachomekwa humo. Skopu yenyewe isichomekwe humo hata siku moja. Halafu skopu. Kama akiba haitafika kote, skopu ndiyo itakayosubiri, na inveta zinazozima ziendelee kurudi kwa wenyewe. Meza iondoke kwenye ukuta wa mabati leo, hiyo haihitaji akiba.

Mwambie mama yako wewe mwenyewe, kabla Hashi hajafika. Usimwambie umepata isiyopiga, kwa sababu haipo, na akigundua baadaye hatakuamini tena. Mwambie ni nini kilichompiga Mwangangi, na kwamba kilikuwa ukutani kabla ya skopu yoyote. Aliyempeleka mtamba kwa dume mwenyewe ataelewa habari ya waya uliokosekana.

Nuradin ameahidi kurudisha mguu wa plagi kufikia kesho Alhamisi, na kumweleza yule mwalimu kwa nini duka lilikuwa linakatika stima. Jirani yenu wa mashine ya kusaga, niliyeongea naye pia kwa simu, amekubali paneli yake ya swichi ifunguliwe, kwa sharti kwamba kazi ianze kabla ya wateja wa unga. Jeremiah atafika Muthetheni Jumatatu saa moja asubuhi akiwa na kipimo cha ethi. Mpaka kipimo hicho kionyeshe kwamba ethi inafanya kazi, Mwangangi asiingie kibandani. Mama yako awepo.