Uso wa Mama Kwenye Video

Mampong, Jumapili

Dada Konadu,

Sisi hatujambo. Mbuzi wako amezaa mapacha. Wageni wa msiba wameondoka, isipokuwa Mjomba Baffour, anayedai miguu inamuuma; nadhani itapona ugali wetu wa fufu ukiisha.

Video ya kumuaga mama unayoniulizia kila siku ninayo. Nilikudanganya kwamba mtandao ni mbovu. Mwili wa mama ulilazwa kitandani ukiwa na gauni lake la lesi nyeupe, waombolezaji wote wamemzunguka kwa nguo nyeusi. Nikaiacha kamera ijipangie mwanga yenyewe. Ilipoona weusi umejaa, ikaongeza mwanga, na uso wa mama ukageuka doa jeupe. Mjomba alipoitazama akaniuliza, "Wewe bwana, huyu ni dada yangu au ni taa?"

Kitufe cha kupunguza mwanga kilikuwa chini ya kidole changu. Sikukigusa, nilikuwa naringa.

Ushahidi umo humo humo, kwenye kioo cha kabati nyuma ya kitanda. Mama uliyeomba umwone kwa mara ya mwisho haonekani. Anayeonekana vizuri ni mimi, nimeshika kamera uliyoninunulia, natabasamu.

Mdogo wako, asiyejua aombeje radhi,
Dapaah